Kiti cha Selo ya Kwanza

Kwa miaka yote aliyotufundisha, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumsikia Madamu akipiga wimbo mzima. Alikuwa na violini yake mwenyewe, ndani ya sanduku jeusi juu ya kabati, lakini alipotaka kutuonyesha jambo alichukua chombo cha mmoja wetu, akapiga nota tatu au nne, kisha akakirudisha upesi kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. "Umesikia? Haya." Ukimwomba arudie, alikujibu kwamba masikio hayauzwi dukani.

Tulimwita Madamu kwa kuwa ndivyo walimu wa kike wanavyoitwa katika shule za Musoma, na kwa kuwa hakutaka kuitwa Mwalimu. Mkoani kwetu, alisema, jina hilo lina mwenyewe, na mwenyewe amelala Butiama. Asubuhi alifundisha hesabu. Jumamosi mchana alikuwa wetu, katika stoo moja nyuma ya ukumbi wa parokia, Kitaji.

Vyombo alivikuta katika stoo hiyo hiyo, chini ya turubai, pamoja na viti vibovu na sanamu ya mtakatifu iliyovunjika mkono. Padri mmoja wa kizungu aliyerudi kwao alikuwa ameviacha: violini mbili, viola mbili ambazo ni kama violini zenye sauti nzito zaidi, na selo mbili, zile kubwa za kubana katikati ya magoti. Madamu aliviomba. Watu wakadhani anataka kuviuza. Kumbe alikuwa anatafuta watu sita.

Akatupata mmoja mmoja. Walimu wawili wa msingi, fundi simu wa stendi, dada mmoja wa kwaya aliyekuwa akiuza dagaa, mimi niliyekuwa na cherehani yangu Mwisenge, na Mafuru kutoka Bunda. Hakutuita kwa majina. Kila mtu alikuwa sauti yake. Mimi nilikuwa Viola wa Pili stoo, barabarani, hata sokoni mbele za watu. "Viola wa Pili, usinunue hao sato, wamelala hao." Muuza samaki alimtazama, akanitazama mimi, asijue aliyetukanwa ni nani.

Watu walisema zamani alikuwa mtawa akatoka. Wengine walisema aliwahi kuolewa. Mimi sikumuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kuulizwa. Alipofunga mlango wa stoo saa nane kamili, alitia komeo, na aliyechelewa alibaki nje. Siku moja aligonga paroko mwenyewe, mwenye ukumbi na mwenye stoo. Madamu aliongea kupitia tundu la mlango: "Baba, tuko katikati ya wimbo." Paroko akaenda zake.

Hakusifu mtu. Hakuomba msamaha kwa mtu. Lakini mwanangu alipolazwa kwa malaria, alikuja hospitali siku tatu mfululizo, akakaa kwenye benchi la koridoni na rundo la madaftari ya wanafunzi, akisahihisha. Nilipotaka kumshukuru alinikatiza. "Nyumbani kwangu kuna kelele. Nilikuwa natafuta mahali pa kusahihishia." Nyumbani kwake aliishi peke yake, na hata redio hakuwa nayo.

Maneno yake mengine ninayo mpaka leo. Juu ya kupiga watu sita alisema: "Kwaya ni pori, mtu anajificha. Watu sita ni uwanja." Juu ya sehemu zile ambazo wimbo unaendelea na wewe umenyamaza, alisema hapo ndipo anapoonekana mpigaji, maana asiyejua kuhesabu kimya chake hajui wimbo. Na juu ya watunzi wenyewe, Wazungu wa zamani wa zama zile ambazo muziki uliacha adabu za majumba ya wafalme ukaanza kusema ya moyoni, alisema hivi: "Walikuwa watu wa kulialia hawa. Ila walilia kwa hesabu."

Alituchagulia kazi zao mbili, zote zimeandikwa kwa vyombo sita kama vyetu, kila moja karibu nusu saa au zaidi. Tulizisoma miaka miwili. Mwaka wa kwanza tulikuwa kama watu wanaosukuma gari kwenye tope. Katika mwaka wa pili gari likawaka, na aliyeliwasha ni Mafuru.

Mafuru alikuwa mkulima wa pamba, mtoto wa wakulima wa pamba, kutoka kijiji kimoja nje ya Bunda. Kijana mrefu, mpole, mikono kama majembe. Kila Jumamosi alipanda basi asubuhi, akafika stoo kabla yetu, akakaa kwenye kiti cha selo ya kwanza akaegemeza shavu kwenye shingo ya chombo kama anasikiliza mtu aliye ndani. Kitu alichosikia mara moja alikipiga. Madamu hakumsifu hata yeye. Lakini alikuwa na rula ya mbao aliyogongea mezani kutupigia mwendo, na Mafuru alipoanza sauti yake, rula ilikuwa inanyamaza.

Kazi ya kwanza kati ya zile mbili inaanzia kwenye selo ya kwanza. Wengine wanamfuata. Kwa hiyo bila Mafuru hakukuwa na mwanzo.

Konsati ilipangwa kufanyika Musoma, Jumapili, baada ya mavuno. Mafuru akakosa Jumamosi tatu. Ya nne alikuja, akachelewa, akagonga. Sisi tulishangaa Madamu alipokwenda kutoa komeo. Tukajua Mafuru anapendwa. Alisimama mlangoni, vidole vimechanikachanika kwa maganda ya pamba.

"Shikamoo Madamu."

"Selo ya Kwanza. Konsati ni lini?"

"Mwezi ujao, Madamu. Mama alikuwa anaumwa mgongo. Pamba ilikuwa inaanguka tu shambani, hakuna wa kuichuma."

"Lete mikono."

Akaileta. Madamu akaigeuza huku na huku kama mtu anayekagua viazi.

"Hii si mikono ya selo. Hii ni mikono ya kuchimba. Nenda Buhemba ukachimbe na wenzako."

Mmoja wetu alicheka. Nadhani ni mimi.

Mafuru aliinamisha kichwa kidogo kama anayeaga, akageuka. Sisi tukajua Jumamosi ijayo atarudi. Katikati ya wiki tulimpigia Mafuru, akapokea dada yake, akasema kaka ameiacha simu nyumbani. Ameenda Buhemba, kwenye machimbo ya dhahabu.

Wiki mbili zilipita. Madamu hakuweka mtu kwenye kile kiti wala hakuruhusu kisogezwe. Tulifanya mazoezi watano, yeye akiimba sauti ya selo kwa mdomo, chini chini. Alhamisi moja akatokea dukani kwangu. Hakuwahi kufika hapo kabla. Alisimama anatazama vitambaa.

"Viola wa Pili, una ndugu Butiama."

"Ninaye, Madamu. Shangazi."

"Basi Buhemba si mbali kutoka kwake. Nenda ukamtafute Selo ya Kwanza. Mwambie arudi." Akashika kitambaa, akakiachia. "Mwambie nimekosea."

"Madamu?"

"Usinifanye nirudie."

Nilimuuliza kwa nini asiende mwenyewe. Alisema: "Nikienda mimi atasimama wima kama mwanafunzi, aseme ndiyo Madamu. Nataka aweze kukataa."

Niliondoka Ijumaa. Mchana nilikuwa Butiama kwa shangazi. Nikakuta nyumba imejaa wageni, binti yake anaagwa kesho yake kwenda kuolewa, na mshonaji aliyeahidi nguo za wasimamizi ameharibu mbili. Shangazi aliponiona aliinua mikono juu. "Mungu amekuleta!" Nikakaa kwenye cherehani ya jirani mpaka jua linazama. Nikasema nitaenda Buhemba kesho. Kesho yake tukapika, tukavaa, tukacheza. Mvua ilikuwa imenyesha, lakini barabara ilipitika. Nasema hivi kwa sababu miaka mingi nilijiambia kwamba haikupitika. Bodaboda alikuwepo nje ya geti amekaa juu ya pikipiki, ananiuliza, "Dada, yule wa Buhemba ni wewe? Twende?" Nikamwambia bado, labda kesho.

Duara lilititia Jumamosi hiyo mchana. Duara ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao. Habari zilifika Butiama Jumapili asubuhi, watu wanne chini ya kifusi, na mmoja ni mrefu, mgeni, wa Bunda. Nilikwenda na kundi la watu. Tulisimama pale siku nzima tukiangalia wanaume wakipokezana ndoo za udongo. Walimtoa Jumatatu. Uso ulikuwa hautambuliki. Nilimtambua kwa shati. Nilikuwa nimelishona mwenyewe.

Kwenye msiba, kijijini kwao, mama yake Mafuru alikuwa amekaa kwenye mkeka na akina mama wenzake. Madamu alifika na gauni lake la kijivu la shuleni. Hakulia. Alikaa chini mbele ya yule mama, akamwambia bila kuzunguka:

"Mama, mimi ndiye niliyemfukuza. Ndiye niliyemwambia aende huko. Halafu nikatuma mtu amrudishe, nikamwomba radhi."

Akanigeukia. Wote wawili wakanitazama, na wanawake wote wa ule mkeka.

"Ulimkuta?"

Macho ya mama yake Mafuru yalikuwa mekundu, yamenikazia mdomo. Nilikuwa na nafasi ya neno moja.

"Nilimkuta."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia, Madamu. Ijumaa jioni."

"Alisemaje?"

"Alicheka. Akasema atarudi. Akasema anamalizia zamu ya Jumamosi tu, Jumapili anakuja."

Mama yake Mafuru alitoa sauti ambayo sitaisahau, si kilio na si shukrani, akamkumbatia Madamu. "Kumbe uliniitia mwanangu," akasema. "Kumbe alikuwa anakuja. Alikuwaga anakutaja wewe tu nyumbani, Madamu hivi, Madamu vile. Kumbe hakufa na kinyongo."

Tulidhani konsati imekwisha. Lakini Jumamosi iliyofuata tulikuta komeo liko wazi na Madamu amekaa kwenye kiti cha selo ya kwanza, selo katikati ya magoti. Tulisimama mlangoni kama watoto. Ndipo nilipoviona vidole vyake vizuri kwa mara ya kwanza. Vifundo vimevimba, kidole kidogo cha kushoto kimepinda hakinyooki. Miaka yote ile tulidhani anaringa.

"Alisema anakuja," Madamu alisema. "Tutapiga. Kaeni."

Siku ya konsati ukumbi haukujaa, ila watu walikuwepo: wanakwaya, wanafunzi, masista wa parokia, wauza samaki waliovaa vitenge vya Jumapili. Mstari wa mbele, wazazi wa Mafuru kutoka Bunda. Saa tisa mchana, jua linachoma bati. Nje bodaboda walikuwa wanapiga honi za harusi iliyokuwa inapita. Madamu alisubiri mpaka honi zikapotelea mbali, akainua upinde.

Sauti ya kwanza ilitetemeka vibaya. Nikasikia mtu nyuma anaguna. Kisha ikashika. Sijui nieleze vipi. Haikuwa nzuri kama ya Mafuru. Mafuru alipiga kama mtu anayetembea asubuhi kwenda shambani kwake. Madamu alipiga kama mtu anayepanda mlima na mzigo, na kila nota aliiweka chini kabla ya kuchukua nyingine. Sisi watano tukaingia chini yake, tukambeba.

Sehemu ya pili ya kazi ile ni ya polepole, wimbo mmoja wa huzuni unaorudiwa na kubadilishwa, mara kwa nguvu, mara kama mnong'ono. Katikati yake mkono wake wa kushoto ukakaza. Niliona kidole kinakataa kushuka. Aliondoa upinde kwenye nyuzi, akauweka gotini, akatupa ishara kwa kichwa tuendelee. Tukaendelea. Mahali pa selo ya kwanza pakawa kimya, na wimbo ukawa na tundu, tunalizunguka kama watu wanaozunguka shimo njiani. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Mama yake Mafuru alikuwa amefunika uso na khanga. Halafu, bila kutuangalia, Madamu akainua upinde tena, akaingia mahali pake hasa, bila kukosea hata nusu.

Tulipomaliza kazi ya pili watu walikaa kimya, hawajui kama imekwisha. Mzee mmoja wa kwaya akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata. Mama yake Mafuru akapanda jukwaani, akaishika mikono ya Madamu yote miwili, ile iliyovimba, akaibusu.

Hatukupiga tena pamoja. Fundi simu alihamia Mwanza, walimu wakahamishwa vituo, na vyombo vikarudi chini ya turubai. Mimi nilibaki Mwisenge, na Madamu alibaki Kitaji, akastaafu. Lakini kila tulipoonana, iwe njiani au kanisani, baada ya salamu aliniuliza jambo moja. "Alisemaje tena?" Nami nikamwambia. Mwanzoni nilisema yale yale. Baadaye nikaona hayamtoshi, nikaongeza. Kwamba Mafuru alikuwa amekaa juu ya mfuko wa mawe anakula muhogo. Kwamba aliuliza kama kiti chake kina mtu. Madamu alisikiliza kwa kuinamisha kichwa, kisha akasema "Haya," akaenda zake, na mimi nikaenda nyumbani nimeshiba uongo wangu, siwezi kula.

Mwaka jana alipata kiharusi. Hakuwa na ndugu wa kumshika. Aliyekuja Musoma kumchukua ni mama yake Mafuru, naye mzee, mgongo umepinda kabisa sasa. Alikodi gari, akampeleka kijijini kwake, akamlaza kwenye chumba walichokuwa wanawekea pamba. Alimwosha, akamgeuza, akamlisha. Majirani walipomshangaa aliwaambia, "Huyu ndiye aliyemwita mwanangu arudi. Nitamwachaje?"

Mwezi wa tatu mama huyo akanipigia simu. "Mwanangu, Madamu anakuulizia kila siku. Njoo basi."

Nilipanda basi la Bunda. Nilimkuta amelala kwenye godoro, upande mmoja wa mdomo umeshuka, lakini macho ni yale yale ya kukagua madaftari. Mama yake Mafuru alinikaribisha, akatuacha, akaenda jikoni kukoroga uji.

"Viola wa Pili," alisema Madamu. Maneno yalitoka taratibu, yamelegea. "Alisemaje tena?"

Nikaanza. Akanikatiza.

"Alikuwa amevaa nini?"

Hakuwahi kuuliza hilo. Nikalikumbuka shati langu, jinsi nilivyoliona, na mdomo wangu ukakataa.

"Madamu, sikumkuta."

Alinitazama.

"Sikufika Buhemba. Nilibaki Butiama, kwenye sherehe ya shangazi. Nilisema nitaenda kesho. Sikumwambia kitu. Hakusikia kitu."

Nje kuku walikuwa wanaparua vumbi. Nilitegemea anitukane, na Mungu anisamehe, nilikuwa nimeanza kujisikia mwepesi.

"Hakusikia," alisema.

"Hakusikia, Madamu."

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Nilitaka uujue ukweli."

"Hapana. Ulitaka kupumzika." Akafumba macho. "Ungeniacha. Zilikuwa zimebaki siku chache tu, ungeniacha."

Mama yake Mafuru akaingia na kikombe cha uji na kijiko. Akaketi kwenye kigoda, akampitisha Madamu mkono nyuma ya shingo, akamwinua kidogo.

"Kunywa, mwenzangu. Leo nimeweka ndimu."

Madamu hakufungua mdomo. Kijiko kikabaki hewani.

"Mama Mafuru," alisema, "kiweke chini. Nina neno."

Nikasimama. Miguu yangu ilitaka mlango.

"Ule ujumbe," Madamu alisema, akivuta kila neno kutoka upande wa mdomo uliobaki, "wa kumwita mtoto. Sikuutuma. Huyu binti nilimpanga tu aseme vile msibani. Niliogopa macho yako. Mwanao hakuitwa na mtu."

Mama yake Mafuru hakunigeukia mimi. Alikuwa anamtazama yeye, uso kwa uso, mkono wake bado uko chini ya shingo ile. Nilijua neno la kusema. Lilikuwa fupi kuliko lile nililolisema kwenye mkeka. Nilisimama na mkoba wangu mkononi, nikalinyamazia.

Yule mama alikaa hivyo mpaka nikasikia moto wa jikoni unalia. Machozi yalimshuka, hakuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Hatimaye akasogeza kijiko karibu.

"Fungua mdomo," akasema. "Uji unapoa."

Madamu akafungua mdomo.